Majani Mabichi mu Njia ya Nzilo

Yaya Ngeleka, mukubwa wangu,

Nakusalimia mu jina ya Bwana Yesu. Ule muguu ungali unakuuma? Siye huku tuko bazima. Katoto ketu Ndaya ameota meno ya kwanza.

Juma lililopita bwana yangu Tshimanga alitoka kuja kwako Lubudi kwa miguu. Mu barabara kubwa basoda ba jeshi banakamata banaume, kwa hiyo tulichagua kanjia ka Nzilo kenye kutulia. Nilimusindikiza mpaka pale kanaanzia. Tulikuta matawi mabichi yamelazwa katikati. Akacheka: «Bamama ba kuni bameangusha muzigo!» Mi mwenyewe niliyaondoa, apite vizuri.

Jana jirani yetu mama Kyungu, muzaliwa wa hapa, aliniuliza bwana yangu amepita wapi. Nilipomwambia, akashika kichwa: «Ninyi batoto ba camp ya kampuni, hamujui kitu! Matawi yakilazwa vile, njia imefungwa. Vita iliacha mabomu mu udongo kule.»

Tangu hapo chakula hakipiti. Mutu akigonga mulango, nasali kwanza ndiyo nafungua.

Yaya, kama amefika, unijibu upesi. Kama hajafika, unijibu vilevile, usinifiche.

Mudogo wako,
Mbombo