Vichupa Vitatu Nilivyomwaga

Hyderabad,
Jumapili, 12 Februari 2023

Kwa Dada yangu Kameswari,

Shikamoo. Kabla ya lolote, niambie goti linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua niliyomtuma Pranav akuletee imekufaa au umeigawa kwa majirani kama kawaida yako. Shemeji Ramana naye, kikohozi kimemwachia? Sisi huku tuko salama. Latha anakusalimu sana; anasema achari yako ya majani machachu ya gongura imekwisha na wifi yako huyu sasa anakula wali mkavu. Mimi presha inapanda na kushuka, lakini nakula, natembea, na bado nagombana na wanafunzi.

Najua umenikasirikia, tena una haki. Mwezi umepita tangu Shemeji alipokuja kumletea Pranav wangu posa ya Haima wako, na sinia la tambuu, nazi na nguo, nami nikashindwa kulipokea. Nilimwambia tusubiri, nyota za watoto ziangaliwe tena. Mimi huyu, ambaye maisha yangu yote nimewacheka watu wa nyota. Shemeji alinitazama, akalifunika sinia lake, akakataa hata chai. Wiki iliyofuata ukapiga simu ukanipa vidonge vyangu. Ulisema nimekuwa bwana mkubwa wa mjini, kwamba tangu enzi za babu zetu binti wa dada huanzia kwa mwana wa kaka, na kaka anayemkataa amemtemea dada yake mate usoni. Ukasema kama namwona Haima mshamba niseme wazi, maana umechoka kusimuliwa habari za nyota na mtu asiyejua hata nyota yake mwenyewe. Hapo nilitaka kucheka nikashindwa.

Haima si mshamba. Mtoto yule ningefurahi awe mkwe wangu kesho asubuhi, na Pranav anampenda, wewe unajua. Sababu ni nyingine, nayo ni yangu mimi, nimeibeba miaka ishirini na tisa. Nivumilie nianzie mbali.

Unaikumbuka ile kumbukumbu ya Baba, mwaka mmoja baada ya harusi yako? Wakati ule nilikuwa namalizia tasnifu yangu juu ya himoglobini, ile protini inayobeba hewa ndani ya damu. Damu ya wagonjwa nilikuwa nayo. Iliyokosekana ni ya watu wazima, ya kulinganisha. Maabara yetu ilikuwa na mazoea yake. Watu wa nje waliogopa sindano, kwa hiyo kila mwanafunzi aliyekwenda likizo alirudi na damu ya kwao. Profesa Deshmukh alikuwa akisema damu ya nyumbani haina maswali. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza nani kasema watu wa nyumbani ni wazima. Basi nikaja na sindano na sanduku la barafu, na baada ya chakula cha marehemu mkapanga foleni barazani, matumbo yamejaa. Mkaza mjomba Seshamma, ambaye ndiye mama mkwe wako, aliwavunja mbavu wote. Alisema wenzake wamepeleka vijana Hyderabad wakarudi mabwana, ukoo huu umepeleka wake karudi mbu. Wewe ndiye uliyenyoosha mkono wa kwanza, ukawaambia wanaume waache uoga.

Nikarudi maabara nikaziendesha damu zenu. Unaweka tone kwenye ute mgumu, unapitisha umeme, protini zinatembea kila moja kwa mwendo wake, kisha unatia rangi zinaonekana kama mistari ya buluu. Ya watu kumi na mmoja ilikaa sawa. Ya watu watatu ilikataa. Mstari mmoja wa pembeni ulikuwa mnene kuliko unavyotakiwa. Nilirudia mara nne nikidhani nimeharibu kazi. Watatu hao ni wewe, Shemeji Ramana na mimi mwenyewe, wajukuu wa bibi mmoja.

Nikueleze taratibu. Watu kama sisi si wagonjwa. Tumerithi kasoro kwa mzazi mmoja, na kile tulichorithi kwa mzazi wa pili kinatutosha. Tutazeeka bila kujua. Lakini wawili wa namna yetu wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto aliyerithi kasoro pande zote mbili. Mtoto huyo huzaliwa mzuri kabisa. Baada ya miezi kadhaa anaanza kupauka, tumbo linavimba kwa bandama, na asipoongezewa damu mara kwa mara hafiki mbali.

Najua umeshafika ninakokwenda, Dada. Usiiweke barua chini.

Nilipaswa kukuandikia siku ileile, ulikuwa bado hujashika mimba. Badala yake nilimpelekea Profesa karatasi. Alisema vichupa hivyo vimeharibikia njiani, barafu imeyeyuka, nivitoe, na nisimletee mambo mapya wakati tasnifu inatakiwa baada ya wiki tatu. Nilijua havijaharibika. Damu iliyoharibika haitoi mistari safi namna ile, tena mara nne. Nikavimwaga kwenye sinki, nikafuta namba zile tatu daftarini, nikaandika kwamba watu kumi na mmoja wa ukoo mmoja walipimwa na wote walikuwa wazima. Nikapata udaktari wangu, nanyi mkanitumia vitamutamu kikapu kizima.

Nilijiambia nitakueleza nikija. Nilipokuja nikakukuta na mimba ya miezi mitano, unacheka hovyo, nikasema moyoni tatu kati ya nne ni nyingi. Akazaliwa Gopi.

Alipokuwa na mwaka na nusu ulinipakatisha, ukaniuliza mimi, msomi wa damu wa ukoo, mtoto huyu ana nini. Kope zake kwa ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi na tumbo gumu. Nilikwambia mpelekeni hospitali. Sikuwaambia mkaseme nini huko. Mkaambiwa malaria, mkapewa dawa za kuongeza madini ya chuma, ambazo kwa mtoto kama yule ni kumwongezea mzigo. Jina la ugonjwa wake nilikuwa nalo mdomoni. Ningelitaja, mngeniuliza nimejua tangu lini. Hicho tu ndicho nilichokiogopa, swali moja, na kwa ajili yake Gopi akaondoka hajatimiza miaka minne.

Liko baya zaidi, nalo ndilo lililonifanya niichane barua hii mara sita. Mwaka uleule wa tasnifu nyumbani walitaka nimwoe Padmaja, mdogo wake Shemeji. Nikakataa. Wote walisema elimu imenipanda kichwani, Mama akaninunia mwaka mzima, na wewe peke yako ukanitetea, ukasema mwacheni kijana aoe anayempenda. Dada, sikuwa na ninayempenda. Latha nilikuwa hata sijamjua. Nilimkataa Padmaja kwa ajili ya ile mistari, na nilipompata Latha nilimpima damu kwanza, nikamdanganya kwamba ni ya utafiti, ndipo nikaposa. Nilichokijua nilikitumia kumwokoa mwanangu ambaye hajazaliwa. Wako aliyekuwa mikononi mwako nikamwacha.

Watu husema nimejitolea maisha. Makala zaidi ya sitini juu ya protini moja. Mwaka jana waliponivisha shada, mwandishi wa habari akaniuliza kwa nini nilichagua ugonjwa huu, nikajibu ni udadisi tu. Ulikuwa kiti cha mbele, unapiga makofi. Niliona aibu mpaka nikasahau kumshukuru mwenyekiti.

Sasa uelewe habari ya nyota. Sikukuu ya Deepavali iliyopita nilichukua damu ya Haima nikimwambia namwangalia asije akawa na upungufu. Kasoro anayo. Pranav naye anayo, kaipata kwangu. Juzi nilimweleza kijana yote. Aliuliza kama Haima anajua, na kama shangazi anajua kuhusu Gopi. Niliposema hapana alinyanyuka, na tangu hapo hajala nami. Amenipa wiki moja. Nisiposema mimi atakuja kusema yeye. Siku hizi mimba hupimwa mapema, na wako wanaooana huku wanajua. Hilo wataamua wao wawili na daktari wao. Mimi sitakataa wala sitapokea kitu mpaka Haima aambiwe. Chuoni nako nimewaandikia kwamba tasnifu yangu ina uongo, waamue watakavyo.

Yaliyobaki ni yako wewe. Mwaka wa ishirini na tano huu mama mkwe wako anasema Gopi alikufa kwa sababu ulimwachisha ziwa mapema ukakimbilia kazi yako ya ualimu. Alisema hivyo hata siku ya arobaini ya Mjomba, mbele ya wageni, nawe ukainama ukaendelea kutupakulia wali. Nilikuwa nimekaa pale. Nilisikia, nikala.

Nisalimie Shemeji, umwombe anisubiri, nitakuja Jumapili hata kama hamtanifungulia. Haima mbusu. Mkaza mjomba msalimie kwa heshima zake zote, kisha umkalishe, uite na majirani ukipenda, umsomee barua hii tangu mwanzo, kwa sauti, maana masikio yake yamekuwa mazito. Akikukatisha, rudia hapa: maziwa yako hayakuwa na kosa. Mtoto wako hukumuua wewe. Aliyejua akanyamaza ni mimi.

Mdogo wako,
Suryanarayana