Gauni la Bluu, Uzi wa Kijani

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, naomba radhi. Barua yako ilifika mjukuu wako akiwa hajaota hata jino, na leo ananing'ata. Kila siku nilisema nitajibu kesho, na kila kesho ikaja na nguo zake za kufua. Basi shikamoo, mama, na shikamoo nyingine umfikishie baba. Magoti yanaendeleaje? Bado unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, au umekubali kupumzika kama dada alivyokusihi? Sisi hatujambo. Mtoto mzima, kelele tele. Mimi ni usingizi tu, na usingizi si ugonjwa.

Nina habari ambayo utaicheka, kisha utauliza kama nina akili timamu. Mwezi ujao naandika kitabu. Riwaya nzima, mama, maneno elfu hamsini, kuanzia tarehe mosi mpaka mwezi uishe.

Ilianzia kazini. Nimesharudi pale duka la kutoa kopi, asubuhi tu, mtoto namwacha kwa jirani. Siku moja akaja nesi mstaafu na tangazo lake: wanaotaka kuandika riwaya kwa mwezi mmoja wakutane maktaba, chumba cha juu. Hakuna zawadi wala mshindi, ukimaliza umemaliza. Nikamwuliza asiyemaliza hufanywa nini. Akasema hafanywi kitu, ila atabaki akijiuliza ingekuwaje. Unanijua, mama. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kopi moja ya tangazo lake ilitoka imepinda, nikaikunja nikaitia mfukoni.

Baba mtoto nilipomweleza aliuliza: barua ya mama yako imekushinda miezi yote hii, kitabu ndiyo utakiweza? Nikamwambia ndiyo maana naanza na barua. Akacheka mpaka akakubali kuwa jioni za mwezi huo atamwogesha mtoto na kupika yeye. Anachojua kupika ni mayai. Basi tutakula mayai.

Meza sina, kwa hiyo nimetega ubao wa kupigia pasi dirishani, na ukishushwa kidogo unanifika sawasawa. Nimeanza kujipima. Mtoto akilala vizuri mchana napata ukurasa na zaidi. Akilala vibaya napata mistari, na mingine siisomi mwenyewe. Kule maktaba nimekwenda mara kadhaa, naye mgongoni. Wako wanaopanga sura kwa sura, kama fundi anayechora chaki kabla ya kukata, na wako wanaoingia na mkasi moja kwa moja. Nikasema mama yangu hukata bila chaki, wakanitazama kama nimesema unaruka angani. Yupo na kinyozi mmoja ambaye ameshaua watu watatu na mwezi wenyewe haujaanza. Nesi akamwomba abakishe angalau mmoja wa kuwazika wenzake.

Kisha kila mtu akatakiwa aseme hadithi yake kwa ufupi. Ilipofika zamu yangu nikasema: mwanamke anatoka nyumbani kwenda kununua uzi, na harudi upesi.

Umeshanielewa, mama. Usiikunje barua.

Kwetu maneno hayo ni utani. Mtu akichelewa dukani, dada husema amekwenda kununua uzi, na baba hucheka kuliko wote. Lakini mimi nilikuwepo. Ulipotoka nilikuwa na jino limelegea. Liling'oka ukiwa hupo, na jipya likaanza kuchungulia ndipo ukarudi. Baba alikuwa akitwambia kuwa rangi yenyewe ni adimu. Cherehanini kulibaki gauni la mteja, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Siku ile ukaingia, ukavua viatu, ukauliza tumekula nini, ukakaa kuumalizia ule mkono kwa uzi uliokuwepo siku zote. Gauni lilikuwa la bluu, mama. Wewe ulirudi na uzi wa kijani. Nikafungua kinywa niulize, dada akanifinya. Mimi, uliyeniita Bi Maswali, swali hilo moja tu ndilo sijaliuliza mpaka leo.

Nimejaribu kubuni. Nilimpa yule mwanamke mgonjwa wa kumwuguza, akakataa. Nikampa mwanamume, akanicheka. Amesimama getini, hageuki kulia wala kushoto, ananingoja mimi. Nesi akaniambia kama ni mtu ninayemjua, nikamwulize mwenyewe. Nikamjibu kuwa ni jirani wa zamani. Sidhani kama aliniamini.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu, hata baba mtoto. Wiki iliyopita mtoto alilia tangu alfajiri, hashiki ziwa, hashikiki. Nikampeleka kwa jirani, nikasema nakwenda kununua sabuni. Duka la sabuni nikalipita. Nikafika stendi, nikapanda basi la kwanza nililoliona. Kondakta akaniuliza nashukia wapi, nikasema sijui. Akaniambia, mama, hili haliendi Sijui, labda ujaribu lile la nyuma. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na katika kucheka maziwa yakatoka yakanilowesha blauzi yote. Nikashuka. Nilirudi bila sabuni, nikasema duka limefungwa. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Kwa hiyo usidhani nakuuliza ili nikuhukumu. Nakuuliza kama mtu anayeulizia njia kwa aliyeipita. Ukisema nisiandike, sitaandika hata neno, nitamsaidia kinyozi kuzika. Lakini jibu nalitaka vilevile, na usiniambie rangi ilikuwa adimu. Hilo lilinitosha nilipokuwa mtoto. Sasa nina wangu, na siku moja ataniuliza.

Msalimie baba sana, na dada na wanawe wote. Baba mtoto anakusalimu, mjukuu wako naye anakusalimu kwa makelele, unaweza kumsikia huko uliko.

Ni mimi binti yako,
Bi Maswali

Dada akija mwisho wa wiki, tafadhali mpe aniletee: mbeleko yako ile ya mistari, maana yangu imechanika, kimto unachokalia cherehanini, kama unacho kingine, na uzi wa kijani ulio kwenye kopo la biskuti, chini ya vifungo, najua hujawahi kuufungua. Na kwa mkono wako, hata kwenye kipande cha gazeti: getini uligeukia upande gani, usiku wa kwanza ulilala wapi, na nini kilikurudisha.