Mtaa Nilioujua Mazikoni

Nairobi

Kwako mke wangu Mejumaa, mama Mwanasiti,

Assalaam alaykum. Sikuulizi kama hujambo, maana jibu nalijua. Nauliza kama umekula leo. Nauliza kama Mwanasiti bado anakimbia akiitwa kusukwa nywele, na kama kifua cha mama yako kimetulia kwa baridi hii ya Mwabungo mnayoiita baridi. Njoni huku muione yenyewe! Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi, tena nimezidi kunenepa. Mpishi wa hoteli akikonda, wateja huanza kukitilia shaka chungu chake.

Najua utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Nimempa dereva wa basi, yule mtu wetu wa Ukunda, akukabidhi mkononi, na nimemtisha kwamba akiipoteza hatonusa tena biriani yangu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mdomo wangu mbaya. Ukinyamaza, mimi hutania. Ukizidi kunyamaza, nazidi kutania. Mwanamume mzima niliyezungumza na Wajerumani pale ufuoni Diani kwa Kijerumani chao mpaka wakaniuliza nimesoma chuo gani, nami nimeishia darasa la sita, ndiye huyu anayeshindwa kuzungumza na mkewe.

Basi sikiliza. Nimekuwa nikitafuta mtaa wa kuwaleta wewe na Mwanasiti. Ulikataa, ndiyo, lakini niliendelea kutafuta, kwa sababu kila nikirudi chumbani kwangu jioni nakuta kimya kile kile.

Nilimpata dalali, msichana mmoja wa kwao huko Murang'a, jina lake Shiro, mwepesi wa miguu na mdomo. Akanipeleka kwanza kwenye nyumba za ndani ya ukuta, geti kubwa, bembea za watoto, kamera kila pembe. Mimi nikaona, kabla ya kulipenda paa, niwajue majirani. Nikasimama mlango wa pili nikapiga hodi kama tupigavyo kwetu, kwa sauti ya kutosha. Hodi! Hodi wenyewe! Pazia likatikisika, mlango haukufunguliwa. Kidogo nikamwona mlinzi anakuja mbio na rungu.

"Mzee, unatafuta nani?"

"Jirani."

"Jirani anaitwa nani?"

"Ndiyo nataka kumuuliza."

Akanambia yeye mwenyewe hawajui kwa majina, anawajua kwa namba za milango. Shiro alikuwa akicheka mpaka ameshika ukuta. Nikamuuliza, "Binti yangu, hapa mtu akifiwa, watu hukusanyika wapi?" Akanitazama kama nimemtukana. "Ai, boss! Hii mtaa ni mpya kabisa, hakuna mtu amekufa bado!"

Nilicheka naye. Lakini ndani, Mejumaa, nilikuwa nimeshaukataa mtaa ule. Tukaenda Rongai, huko muziki wa baa unaingia hadi ndani ya sufuria. Tukaenda pengine ambapo skuli ni nzuri lakini msikiti mpaka upande magari mawili. Shiro akaanza kuniita Mzee Hodi.

Sasa nakujia kwenye jambo lenyewe, na nakuomba ukae chini.

Siku Salimu wetu alipotutoka kwa homa, hajatimiza miaka miwili, baba yako alinipigia simu akaniuliza kama waningoje. Nikasema msiningoje, mzikeni, maiti haiwekwi. Nilifika kesho yake, kaburi limeshamwagiwa maji. Wewe hukwenda mazikoni kwa kuwa kwetu wanawake hubaki nyumbani, na mimi nilikuwa ndani ya basi. Siku ya tatu ya matanga ulinivuta chumbani ukaniuliza, "Alilazwaje?" Nikasema, "Vizuri." Ukasema, "Vizuri ndiyo vipi?" Nilitoka nikaenda kuwachekesha wazee kwenye mkeka, na wewe ulinisikia.

Na tangu hapo, kila nikikutajia kuhama, neno lako ni hilo moja: "Nimwache mtoto ambaye hata sijui alivyolazwa?" Kisha wampa Mwanasiti simu.

Jumamosi iliyopita Shiro alinipeleka Kitengela, nje ya Nairobi, upande wa ndani, kwenye nyumba za safu, uwanja mmoja katikati, tangi moja la maji. Tulipofika tukakuta wanaume wanafunga turubai. Mama mmoja, Mama Kevo, Mkristo, ana kibanda cha mboga pale pale, amefunga kibanda chake na anachemsha chai kwenye sufuria kubwa uani. Nikamuuliza kuna nini. "Ni mtoto wa Adan, nyumba ya mwisho, amefariki," akasema. "Ni watu wa Isiolo, wamehamia majuzi tu. Hawana mtu huku, ndiyo sisi tuko hapa."

Nikamwambia Shiro nyumba itangoja. Nikavua viatu, nikatawadha, nikaingia safuni kuswali.

Mtoto alikuwa mdogo, hakubebwa kwa jeneza. Alibebwa mikononi, kwa zamu, kama kwetu. Zamu ikanifikia. Mejumaa, niliponyoosha mikono nikapokezwa, nikaujua ule uzito. Ndio ule ule. Mimi ninayechekesha watu mpaka hospitalini, nikalia njia nzima kwa sauti, mbele ya wanaume nisiowajua. Mwingine aliponyoosha mikono apokee, sikumpa. Wa tatu akaja, sikumpa. Nikamsikia mzee mmoja nyuma yangu akisema, "Mwacheni, huyo ni mjomba wake."

Tulipofika, wakauliza nani atashuka kaburini pamoja na baba yake. Wakamtazama mjomba. Nikashuka.

Nisikilize sasa, mama Salimu. Nakwambia alivyolazwa, kwa sababu haya mikono yangu imeyafanya, na ndivyo walivyomfanyia Salimu baba yako na kaka yako Mbwana, maana dini ni moja. Ndani ya kaburi, upande wa kibla, huchimbwa mwanandani, nafasi ndogo kama kitanda cha kiasi chake. Ni baridi mle, lakini si baridi ya kuumiza, ni kama sakafu ya chumba chetu alfajiri. Hulazwa kwa ubavu wa kulia, vile vile alivyokuwa akilala kifuani pako. Kamba za sanda hufunguliwa, kichwani na miguuni, habanwi. Shavu huwekwa juu ya udongo, uso umeelekea kibla, na mgongoni hutiwa bonge la udongo ili asigeuke. Hakuna anayeharakisha. Nilimshika kichwa kama unavyomshika mtoto aliyesinzia unapomtoa mgongoni. Kisha mbao hupangwa, moja baada ya moja, na nyufa huzibwa kwa majani na udongo laini. Ndipo hufukiwa. Udongo haumwangukii, Mejumaa. Najua hilo ndilo lililokuwa likikunyima usingizi, ijapokuwa hukulitamka. Haumwangukii hata chembe.

Nilitolewa mle kwa kuvutwa mikono miwili, si kwa sababu ya kilo zangu tu.

Jioni Adan akaja kuketi nami mkekani. "Ndugu yangu, samahani," akasema, "wewe ni wa kwetu upande gani?"

"Mimi mtu wa Kwale. Nilikuja kutafuta nyumba ya kupanga."

"Umeshuka kaburini kwa mwanangu, na hata mpangaji si mpangaji bado?" Akacheka, kile kicheko cha mtu ambaye hajalala, kisha akaniuliza polepole, "Wako alikuwa anaitwa nani?" Sikuwa nimemwambia lolote.

"Salimu."

"Wangu Abdi," akasema. Mama Kevo akatuletea chai, akatugombeza kwa kuiacha ipoe.

Nyumba ipo, ya vyumba viwili, mlango umetazamana na wa Mama Kevo. Skuli ya Mwanasiti atakwenda kwa miguu bila kuvuka barabara kuu, na chuo cha Qurani kiko nyuma ya msikiti. Jiko dogo, nitalilalamikia mimi mwenye mwili. Sijachukua funguo. Nimemwambia mwenye nyumba mke wangu hajasema.

Wala sikwambii umwache Salimu. Wiki ijayo napanda basi nije. Nataka twende kaburini wote wawili, wazee wakiguna waache wagune, nikakuonyeshe kichwa kiko wapi na uso umeelekea wapi. Baada ya hapo amua. Ukisema twende, tutakwenda sote watatu. Ukisema huwezi, nitawarudishia wenye hoteli aproni yao, nitafute kazi huko huko kwetu, hata kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi, na usinihurumie, nimeshabeba vizito kuliko miwa. Lakini tusikae tena mmoja huku na mmoja huko. Sitaki siku nyingine mmoja wetu aulize na mwenzake asiwe na jibu.

Nipigie magoti kwa mama yako, mwambie dawa ya kifua naileta mwenyewe. Baba yako mpe shikamoo yangu, na umwambie namshukuru kwa mikono yake, yeye atajua. Kaka yako Mbwana msalimie, na jirani yetu Bi Riziki aliyelala nawe siku zote za matanga. Mwanasiti mbusu kichwani, akishasukwa.

Ni mimi mumeo,
Hamisi, baba Mwanasiti na Salimu