Kushuka Kitonga

Mjukuu wangu Rehema,

Azma ni nia iliyokwisha kuitazama hatari. Isiyoitazama ni hamu tu. Unisamehe kutanguliza jibu kabla ya salamu. Hapa Guangzhou, China, tu wazima, na mama yako mkubwa yuko soko la Zhongda akichagua vitambaa.

Unauliza kama ulikosa azma uliposhuka kwenye pikipiki ya mchumba wako mlimani ukihofia mwendo wake, wenzenu wakakucheka, na kama uende naye tena.

Nilipokuwa bado mwalimu, mimi na babu yako tulitoka Mbeya kwa pikipiki kwenda Dar es Salaam. Juu ya mteremko mkali wa Kitonga, milima ya hifadhi ya Udzungwa ikiwa imetanda mbele yetu, alizima injini tuteremke bila kuunguza petroli.

“Nishushe,” nikamwambia.

“Mwalimu, utafika Dar kwa miguu?”

“Nitafika.”

Nikatembea, mkoba kichwani. Alinifuata polepole akinitania, “Abiria, nafasi bado ipo,” hadi breki zikaanza kunuka kwa kuungua. Akawasha injini, akaingiza gia ili injini izuie mwendo. Nikapanda.

Nenda, Rehema, kwa sharti lako: ukisema “nishushe,” asimame. Ila swali moja halijanitoka: asingewasha injini, ningetembea hadi wapi?

Bibi yako