Nguchiro Mwenye Macho Makavu

Jumamosi, Marui. Jua la leo limewaka tangu asubuhi kama limetumwa, na mimi nimeamka na hasira ambayo mpaka sasa, jioni hii, haijaisha. Nimekaa barazani kwa shangazi. Simu ina chaji kidogo, kwa hiyo naandika haraka kabla haijazima.

Leo nimeshinda mchezo. Nimepata na cheo. Furaha sina hata ya kuazima.

Nianze mwanzo. Nafanya kazi kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga, Pangani ya Kibaha, mwaka wa sita sasa. Msimamizi wetu wa mashine alistaafu, na nafasi yake ikawa kati yangu na Denis, aliyekuja mwaka jana na mdomo wake. Meneja mpya, mtu wa semina, akasema yeye haangalii miaka ya kazi. Mtu wake atamjua kwenye mchezo.

Mchezo! Watu wazima tuna watoto, tumetoka kuosha trei tangu asubuhi migongo inauma, kila Jumamosi tunakalishwa duara kwenye banda la chakula cha kuku na soda moja moja. Tunagawiwa vikaratasi vinane. Sita vimeandikwa kuku, viwili nguchiro, yule mnyama anayekomba vifaranga. Unasoma chako kimya kimya na humwonyeshi mtu. Mama Upendo amekataa kucheza, kasema yeye ni mzee wa kanisa na hafundishwi kudanganya uzeeni, kwa hiyo yeye ndiye anayeita. Akisema, "Kuku, laleni," wote tunafumba macho. Nguchiro wawili wanafumbua na kumnyooshea kidole wa kumla. Tukiamka, aliyeliwa anatoka. Waliobaki tunabishana nguchiro ni nani, tunapiga kura, na aliyezidi kura naye anatoka na kuonyesha karatasi yake. Nguchiro wakiisha, kuku wameshinda. Akibaki nguchiro mmoja na kuku mmoja, banda limekwisha.

Jumamosi tatu mfululizo nilikuwa wa kwanza kupigiwa kura.

Zote tatu nilikuwa kuku.

Sababu yao ni moja tu: natazama chini. Denis akinigeukia na kusema, "Dada Mwajabu, nitazame useme wewe siyo nguchiro," macho yangu yanashuka yenyewe mpaka kwenye vifungo vya shati lake, na mikono yote inainuka. Naonyesha karatasi imeandikwa kuku, wanacheka, wanaendelea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema pole.

Hawajui kitu, na hawajauliza. Mimi nilipovunja ungo niliwekwa ndani hapa hapa Marui, miezi miwili, na shangazi ndiye aliyekuwa somo yangu wa kunifunda. Alianza na macho. Mkubwa akikusemesha unashusha macho, ili ajue unamsikiliza. Anayemkodolea mtu mzima huitwa mkavu wa macho, na kwetu hilo si sifa. Kwa hiyo ninaposema kweli, kweli yenyewe ya moyoni, ndipo ninapotazama chini zaidi.

Ingekuwa mchezo tu ningenyamaza. Kilichonichoma ni Jumatano.

Niliingia zamu saa kumi na mbili asubuhi nikakuta mashine kimya. Umeme umekatika, jenereta haijawashwa. Nilichukua yai nikaligusisha kwenye kope, kama tunavyopima siku zote, likawa la baridi kama limetoka kisimani. Mayai yale yalikuwa yamebakiza siku tatu tu yaanguliwe. Denis, aliyekuwa na zamu ya usiku, amejilaza juu ya magunia ya pumba, anakoroma.

Wakati nahangaika na jenereta, yeye aliamka akanitangulia kwa meneja. Alisema umeme umekatika baada ya kunikabidhi zamu. Nilipofika nilieleza jambo kama lilivyokuwa. Yai halipoi kiasi kile kwa dakika kumi, angekwenda kuligusa angejua mwenyewe. Meneja hakwenda. Aliniuliza, "Mbona hunitazami? Hata kwenye mchezo uko hivi hivi."

Hata kwenye mchezo! Vifaranga wamefia ndani ya maganda, na ushahidi dhidi yangu ni vikaratasi vya Jumamosi.

Jioni ile ile nikaanza mazoezi ya kukodoa macho. Nilianza na jogoo wa jirani. Nikahamia kwenye kioo. Ijumaa nikamjaribu muuza mkaa, ambaye aliniuliza kama kanipunjia.

Leo nimefungua kikaratasi changu, nguchiro. Nikacheka moyoni kicheko kibaya.

Nguchiro mwenzangu, Saidi dereva, hajui kuzuia kucheka, wakamshtukia mapema. Nami nilimpigia kura, tena mkono wangu ndio uliotangulia. Kisha nikamgeukia Denis. Nikamtazama kwenye mboni bila kupepesa, nikasema polepole kwamba nguchiro ni yeye. Nilijua ni kuku. Akaanza kujitetea, maneno yakawa mengi, debe tupu haliachi kuvuma, na kadiri alivyojitetea ndivyo watu walivyozidi kumwona mwongo. Wakamtoa. Nilisikia raha mbaya, na siwezi kuikana hapa.

Mwisho tukabaki watatu: mimi, binti wa ofisini na meneja mwenyewe. Kura yake ndiyo ya kuamua. Akaniuliza kama ni mimi. Nikamtazama, nikaona macho yake ni ya kahawia, kitu ambacho sikuwahi kukijua, nikamwambia, "Mimi kuku, bosi." Akamtoa binti wa watu.

Nilipoonyesha karatasi yangu alipiga makofi mpaka soda ikamwagika. Akanishika mkono mbele ya wote. Alisema leo ndiyo amemwona Mwajabu wa kweli, mwanamke wa kujiamini. Jumatatu nichukue funguo za chumba cha mashine, nafasi ni yangu. Na ile habari ya jenereta, akasema, sasa anaamini nilisema kweli.

Sasa!

Jumatano nilimpa kweli mkononi, akaitupa. Leo nimemdanganya mchana kweupe, ushahidi anao, ndipo kaniamini. Na huyu ndiye mkubwa wetu. Nilisema ahsante, nikaokota mkoba wangu. Mama Upendo alikuwa anakusanya vikaratasi, nikamuaga, akaitikia huku akitazama sakafu. Yeye, aliyekataa kudanganya, nilimwelewa.

Nikaja huku kumpa shangazi habari njema. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, kisha akaweka kisu chini. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nilikuwa nimemkodolea macho. Mimi, shangazi yangu, aliyenilea, na wala sikujijua.

Nikamjibu kwamba hamna kitu, shangazi, ni uchovu wa safari. Uongo mtupu. Na nilipokuwa nausema nilikuwa bado namtazama. Akachukua kisu akaendelea na mihogo yake, na ile habari njema mpaka sasa sijampa.

Funguo nitazichukua. Nimezifanyia kazi miaka sita na simwachii Denis aje alale juu ya magunia huku mayai yanapoa. Meneja ninamchukia na nitaendelea kumchukia, lakini Jumatatu saa kumi na mbili nitakuwa mlangoni.

Ila umeme utakatika tena, huo hauna adabu. Mayai yatapoa tena siku moja, na meneja ataniita ofisini aniulize kilichotokea. Nitamwambia kweli tupu.

Nikiwa namwambia, nitakuwa natazama wapi?