Masharubu ya Baba

Binti yangu mpenzi,

Natangaza rasmi, kwa masikitiko makubwa, kwamba masharubu yangu niliyoyafuga tangu hujazaliwa hayapo tena. Uliniomba niyanyoe nipendeze kwenye harusi yako, nikatii. Mama yako anasema nafanana na yai la kuchemsha.

Shida ni kwamba kwenye picha ya pasi ya kusafiria bado ninayo. Mlangoni mwa uwanja wa ndege wakaniuliza, "Mzee, huyu ni wewe kweli?" Kwenye mizigo wakauliza tena. Penye mashine ya ukaguzi, nikiwa peku, mkanda nimevuliwa, suruali nimeishika kwa mkono, wakaitana waje kutazama. Kila mmoja nikamweleza habari ya harusi yako, nikacheka nao.

Shangazi yako amekwambia sikufika kwa sababu niliteleza kwenye ngazi. Sikuteleza, mwanangu. Kwenye mlango wa mwisho, kijana mwingine aliichukua pasi, akanitazama, akafungua mdomo. Nikampiga kichwa cha pua. Alipoanguka nikamkanyaga uso, nikarudia, mpaka walinzi wakanivunja mkono. Meno yake yalibaki sakafuni. Nakuandikia kutoka mahabusu, kwa mkono wa kushoto.

Polisi nimewaambia alinitukana. Wewe sitakudanganya. Alikuwa ananirudishia pasi. Alisema, "Haya baba, pita. Harusi njema." Nilimsikia vizuri kabisa, lakini nilikuwa nimeshaapa kumpiga atakayefuata.

Ni mimi,
Baba yako