Ndege wa Kuitikia Hodi

Jumapili, Kasingirima. Mvua ilianza alfajiri na imekatika sasa hivi jua linapozama. Bati bado linadondosha. Ziwa silioni kutoka hapa nilipokaa, lakini harufu yake imejaa uani. Hali yangu? Bora kidogo kuliko jana, mbaya kidogo kuliko nilivyomwambia mchungaji asubuhi. Leo nimeleta wageni nyumbani, na kabla sijawaandika lazima niandike aliyeondoka.

Neema ameondoka.

Neema ni mtoto wa mdogo wangu, Furaha. Mimi nilivuka ziwa nikiwa mtoto, nimeshika kanga ya Bibi, nikakulia hapahapa na karatasi zangu ni za hapa. Furaha alibaki ng'ambo na wazazi, akaja kuvuka akiwa mtu mzima na mume wake, wakapelekwa kambi ya wakimbizi. Neema alizaliwa huko. Alipoachishwa ziwa aliugua sana, wakaniletea mjini atibiwe, akapona, akabaki. Tumelala kitanda kimoja tangu hajui kutamka jina langu. Kisha wazazi wake wakapata nafasi ya kwenda kuishi nchi ya mbali, nchi ya baridi, na mtoto huenda na wazazi wake. Hilo nalielewa. Nililielewa hata siku ile nilipokuwa namfunga viatu vyake vipya, akinung'unika kwamba vinambana.

Kinachonimaliza ni mlango.

Bibi alitulea kwa utaratibu mmoja ambao hakuwa na mzaha nao: hata kwako mwenyewe, unapiga hodi, na huingii mpaka uitikiwe. Majirani walimcheka. Nani anabisha hodi kwake? Lakini kule tulikotoka, watu wa mwisho kuingia nyumbani kwetu hawakupiga hodi. Kwa hiyo Bibi alitaka kila anayeingia ajulikane kwamba ni mtu wa heri. Alipofariki nilimrithisha Neema utaratibu huo. Jioni nikitoka mtaa wa Mwanga kwenye cherehani yangu, miguu imevimba, nasimama hapo nje nasema hodi, na ndani sauti inapaa, "Karibu mama mkubwa!" Hata kama yuko chooni alikuwa anajibu.

Sasa nasema hodi kwa nyumba tupu. Najua hakuna mtu. Mdomo unasema wenyewe. Halafu nasimama pale kama mjinga, nasubiri, maana mguu nao umezoea kusubiri. Jirani aliniona juzi akadhani nimepoteza ufunguo.

Fundi mwenzangu pale Mwanga ndiye aliyenitia wazo. "Si ununue kasuku?" alisema huku akipiga pasi. "Atakuongelesha." Nilimcheka, lakini usiniulize mara ngapi nimelifikiria neno lile nikiwa nashona.

Jana jioni, kabla ya mvua hizi, nikaenda Ujiji kwa Mama Zaituni. Marehemu mume wake alikuwa anafuga kasuku wadogo nyuma ya nyumba, na mama ameendelea nao. Ni mama mnene, mwenye maneno, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au kuangalia? Wa kuangalia huwa wananifagilia uwanja kwanza."

Nilimwambia nataka mmoja, mdogo, anayesema. Akauliza aseme nini. Niliona aibu. Mwanamke mzima, unaanzaje kumweleza mtu jambo kama hilo? Nikamwambia nataka aseme karibu. Basi.

Hakucheka. Akaniuliza nashinda wapi, nikamwambia Mwanga. Akauliza nyumbani anabaki nani, nikamwambia hakuna. Akaguna, akanivuta mkono mpaka kwenye mabanda yake.

Sikujua kwamba kuchagua kasuku ni kama kuchagua mpangaji. Mimi nilidhani unaangalia rangi. Kumbe kila aina ina tabia zake, na Mama Zaituni anazisema kama anayesengenya wakwe. Wale wakubwa wa kijivu, wa misitu ya ng'ambo, alisema nisiwaulizie kabisa. Wamekatazwa, na isitoshe huishi miaka ya mtu mzima, "sasa ukifa wewe nani atamlea?" Akanionyesha cherero. Wadogo, kijani, uso wa rangi ya chungwa lililoiva, na duara jeupe kuzunguka macho utadhani wamevaa miwani. Wamekaa wawili wawili, mabega yamegusana, mmoja anamchokonoa mwenzake shingoni. Hawa hawasemi, alisema. Wanapiga kelele tu, tena asubuhi mapema, na hawana haja na wewe ilimradi wana mtama na maji na wana wenzao. Ukimtenga mmoja, lazima ushinde naye wewe kutwa nzima, la sivyo anaanza kujinyonyoa manyoya.

Kisha wale wembamba, asili yao Australia, wenye vimistari shingoni. Kulikuwa na mmoja wa bluu. Alikuja mpaka kwenye waya, akainamisha kichwa, akaniangalia kwa jicho moja. Nikampenda palepale, sitaficha.

"Huyu ndiye wako kama unataka maneno," alisema Mama Zaituni. "Ila umchukue peke yake. Asimwone mwenzake, asimsikie. Hata kioo usimpe. Mwanzo atalia, halafu atanyamaza. Akishanyamaza ndiyo unaanza kumfundisha. Atasema tu. Hana wa kuongea naye lugha yake, atafanyaje? Atashika ya kwako."

Alisema hivyo kama mtu anayekueleza maharage yachemke mpaka lini. Hakuwa na ubaya wowote, ndivyo walivyo ndege hao.

Nikamwambia namchukua. Akasema mvua hiyo inakuja, nirudi leo na kapu lenye mfuniko. Nilirudi nyumbani karibu nakimbia. Nilishamtafutia tundu na pa kumweka, karibu na mlango, ili sauti itoke nje vizuri.

Leo baada ya ibada Furaha akapiga simu ya video. Kwao ilikuwa asubuhi. Neema akatokea na sweta zito, nywele zimesukwa na mtu mwingine. Nilijikaza. Tuna mchezo wetu wa simu: mimi nasema hodi, yeye anajibu kama zamani. Basi nikasema, "Hodi!"

Akajibu kwa lugha ya huko.

Neno moja fupi tu, kwa wepesi, kama alivyozoea kuwajibu wenzake shuleni. Hata hakujua kama amekosea. Nikaona mkono wa Furaha ukimgusa bega, nikasikia akinong'ona, "Sema karibu." Mtoto akasema, "Karibu." Alilisema polepole. Lile la "mama mkubwa" hakulisema. Alitaka kwenda kuvaa viatu.

Nilicheka, nikamsifia, nikamwambia amekuwa mrembo. Simu ilipokatika nilikaa na kitenge cha mteja mapajani bila kushona hata mshono mmoja.

Nimelia. Naliandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa imara.

Lakini nilipokuwa nalia, si Neema peke yake niliyekuwa namlilia. Nilikumbuka mwaka wetu wa kwanza hapa. Kiswahili changu kilikuwa cha ng'ambo, na watoto wa Ujiji walikuwa wananifanya nirudie sentensi moja ili wapate kucheka. Kibembe, lugha ya kwetu, nilisema na Bibi tu, na Bibi alikuwa anashinda ufukweni Katonga anaanika dagaa wa watu. Nililia, halafu nikanyamaza. Bibi alikuwa akiwaambia watu mjukuu wake ametulia. Kisha nikaanza kusema kama wao, haraka sana, na Kiha cha sokoni juu yake, kila mtu akanisifu kuwa nina akili. Akili gani? Sikuwa na wa kuongea naye. Leo nikiota Kibembe, nikiamka nusu ya maneno sijui maana yake.

Na mimi jana nimetoka Ujiji karibu nakimbia kwa furaha, kwenda kumfanyia hivyohivyo kiumbe asiyezidi kiganja changu.

Nilichukua kapu nikaenda. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara tope tupu, bodaboda akanidai zaidi na sikubishana. Mama Zaituni alikuwa ameshamtenga yule wa bluu kwenye kitundu kidogo, amemfunika kanga, ananisubiri. Ndege alikuwa analia chini ya kanga. Banda zima lilikuwa linamjibu.

"Mrudishe kwa wenzake, mama," nikasema.

"Umeghairi?"

"Nipe cherero. Wawili. Wale waliokaa pamoja."

Akaniangalia. "Hawatakwambia karibu hata ukiwalisha asali."

"Najua."

"Wewe si ulitaka maneno?"

"Nilitaka. Bado nayataka."

Na kweli bado nayataka, sitajifanya mtakatifu. Alipomfungulia yule wa bluu na akarukia kwa wenzake bila hata kunitazama, moyo uliniuma kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Nilikaribia kusema basi nirudishie. Mama Zaituni aligundua, maana aliharakisha kunitilia cherero kapuni, huku ananipa maagizo: mtama na uwele, mchicha uoshwe, nyuzi za cherehani zikae mbali zisije zikawafunga miguu, na nikiwapa vijiti vibichi jike atavichana siku nzima ajitengenezee malazi. Mlangoni akaniita tena. "Mwanangu, uwe unakuja. Hata bila kununua. Uwanja wangu ni mkubwa kufagia." Nikamwambia nitakuja, na nadhani nitakwenda kweli.

Kwenye bodaboda nililipakata kapu ndani ya koti. Walikuwa wametulia kimya, wanatetemeka, wamebanana upande mmoja hata kapu likawa linalalia huko.

Nikafika. Nikasimama nje, maji yananitiririka, kapu mkononi, nikasema hodi kama kawaida.

Kimya. Nao kimya, mvua imewatisha.

Nilisubiri vilevile. Nikiwa pale nasubiri, mmoja akachungulia kwenye upenyo wa mfuniko na ile miwani yake nyeupe. Hajui yuko wapi. Hajui kama nyumba hii ni ya watu wa heri. Nikafikiri, mimi kwangu napajua, hawa ndio wamesimama kwenye mlango wa ugenini, na mwenye nyumba naye amesimama nje pamoja nao analoa, anangoja mtu wa kumkaribisha.

Nikaweka kapu kizingitini. Nikafungua mlango, nikaingia peke yangu, nikawasha taa, nikavua kandambili zenye tope. Kisha nikageuka, nikaangalia nje.

"Karibuni," nikasema.

Nikarudia kwa sauti. Neno hilo halikuwa limesemwa na mtu aliye humu ndani tangu Neema aondoke. Nikawabeba nikawaingiza.

Sasa wako kwenye tundu karibu na dirisha, siyo karibu na mlango. Wamekula kidogo. Mmoja amefunga macho na mwenzake anamchokonoa shingo, hawana habari nami kabisa. Nyumba bado ni kubwa. Sweta la Neema la zamani bado limetundikwa msumarini, na sijalitoa.

Kesho jioni nikitoka Mwanga nitapiga hodi. Watanipigia kelele zao, za lugha yao, nami nitaingia.